Kijana, Mgongo Wako na Utumbo Wako

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, kabla ya futari)



Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wetu na vijana wenzangu. Nilipoombwa nizungumze juu ya afya katika mwezi huu, najua wengi mlitarajia mambo ya sukari, presha na sambusa za mafuta. Hayo mmeyasikia kila mwaka, na sambusa bado zaliwa. Leo naomba tuzungumze juu ya mgongo. Tena si mgongo wa mzee. Ni mgongo wa kijana wa miaka 20 au 25, ambaye kila akilalamika huambiwa hana ugonjwa wowote, ana uvivu tu.

Kijana wa namna hii utamjua hivi. Usiku, kama saa tisa, maumivu ya kiuno na makalio yamwamsha. Akigeukia ubavu huu yauma, akigeukia ule yauma. Wakati wa daku kuinuka kitandani ni mtihani. Amekakamaa kama ubao, na huchukua nusu saa au zaidi mpaka alainike. Kwenye swala ya Alfajiri, rukuu ya kwanza aifanya kwa taabu. Lakini akishatembea, akafanya kazi mbili tatu, mgongo wamwachia. Jioni yuko uwanjani, acheza mpira. Sasa wewe mzazi, ukimwona mtu usiku alia mgongo na jioni akimbiza mpira, utasema nini? Utasema ajifanya. Jirani atasema ni jicho la watu, mwengine atasema ni jini. Na yeye mwenyewe mwisho huanza kujishuku.

Hebu tusimame hapo kidogo, manake hili ndilo nililolijia. Maumivu ya kawaida ya mgongo, ya kubeba gunia au kukaa vibaya, hupoa ukipumzika. Haya mengine huenda kinyume: ukipumzika yazidi, ukijinyoosha na kutembea yapungua. Yakianza polepole kabla ya miaka 45, yakadumu zaidi ya miezi mitatu, na yakawa na kinyume hicho, basi huyo kijana hajifanyi. Yatupasa kumpeleka hospitali. Sisemi kila mgongo unaouma ni ugonjwa huu, la. Kati ya watu 100 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, ni kama 5 tu. Lakini hao 5, katika nchi nyingi zilizopima, huzunguka kwa wastani karibu miaka 7 kabla ya kujua wanaumwa nini. Miaka 7 ya ujana, ndugu zangu. Ndiyo miaka ya masomo, kazi na kuoa au kuolewa.

Ugonjwa wenyewe huitwa ankilosingi spondilaitisi. Usiogope jina, ni Kigiriki tu. Nitauita spondilaitisi ili tusichoke. Ni ndugu wa baridi yabisi, ila baridi yabisi tuliyoizoea hupenda vidole na viganja, na huyu ndugu huanzia chini, kwenye viungo viwili ambapo uti wa mgongo hukutana na mifupa ya nyonga, kisha hupanda. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka ikapigana na pale kano zinaposhikana na mfupa. Pakavimba, pakapata moto. Halafu mwili ukijaribu kutengeneza palipoharibika, huweka mfupa mpya mahali pasipotakiwa mfupa. Kwa baadhi ya wagonjwa, baada ya miaka mingi, pingili hushikana zikawa kitu kimoja. Kwenye picha ya eksrei madaktari huufananisha mgongo huo na mwanzi. Mtu wa namna hiyo akitaka kuangalia pembeni hugeuka mwili mzima.

Na si mgongo peke yake. Wengine huuma kisigino, pale kano inapojishika, hata hawawezi kukanyaga asubuhi. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hupata wakati fulani jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga. Hilo jicho, tafadhali, si la kutiliwa maji ya waridi. Ni la kwenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Zamani ilisemwa pia kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume. Sivyo. Wanawake wanao, ila kwao picha ya eksrei hukawia kuonyesha, na maumivu yao mara nyingi husingiziwa uzazi au kazi za nyumbani. Kwa hivyo dada zetu huchelewa zaidi kujulikana.

Sasa tuje kwenye utumbo. Najua mtu atauliza, mgongo na tumbo wapi na wapi? Subirini.

Mwaka 1973 makundi mawili ya watafiti, moja London likiongozwa na daktari Brewerton, na jengine Los Angeles, yaligundua jambo moja karibu wakati mmoja. Walipima damu za wagonjwa wa spondilaitisi wakitafuta alama fulani ya kurithi iitwayo HLA-B27. Kule London, wagonjwa 72 kati ya 75 walikuwa nayo. Kwa watu wazima wa afya waliolinganishwa nao, ni 3 tu kati ya 75. Katika maradhi ya kawaida ni nadra sana kupata alama ya kurithi iliyoshikamana na ugonjwa kiasi hicho. Watu wakadhani kazi imekwisha, chanzo kimepatikana.

Haikwisha. Kwa sababu ukigeuza swali, jibu hugeuka pia. Huko Ulaya watu kama 8 kati ya 100 wana B27, na wengi mno kati yao huishi na kufa bila kuumwa mgongo huo. Katika watu 100 wenye alama hiyo, wanaougua ni wachache, kwa kawaida hawazidi 5. Hata pacha wa kufanana, walio na urithi mmoja kabisa, mmoja akiugua mwenzake huugua kama mara 6 katika 10, si 10 katika 10. Kwa hivyo B27 ni kama mlango ulioachwa bila komeo. Lazima kuwe na kitu kinachousukuma. Ni kitu gani?

Jibu la kwanza lilikuja kutoka baharini. Mwaka 1962 katika meli moja ya kivita ya Marekani kulizuka ugonjwa wa kuhara damu, ule unaoletwa na bakteria aitwaye shigela. Mabaharia walikuwa 1,276, walioharisha ni 602. Baada ya siku chache, takriban 10 kati ya hao walioharisha wakaanza kuvimba viungo na macho. Wote walikula chakula kimoja katika meli moja, na bakteria alikuwa mmoja. Kwa nini hao 10? Mwaka 1976 madaktari wawili waliwatafuta wale mabaharia, wakawapata 5. Kati ya 5, 4 walikuwa na B27. Ugonjwa wao ni binamu wa spondilaitisi, si wenyewe hasa, lakini mmeona njia ilivyopita: bakteria aliingia tumboni, moto ukawaka kwenye viungo, na urithi ndio uliochagua nani.

Jibu la pili lilitoka kwa panya, na mimi hili ndilo hunistaajabisha zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa Texas walichukua jeni ya binadamu ya B27 wakaitia kwenye panya wakubwa wa maabara. Wale panya wakaugua wenyewe, bila kuambukizwa chochote: wakaharisha, wakavimba viungo, na ngozi na kucha zikaharibika. Kisha wakafanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Waliwalea panya wenye B27 ndani ya vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja. Hewa ilichujwa, chakula na maji vilisafishwa, na watoto walizaliwa bila kuguswa na bakteria wa nje. Panya hao hawakuvimba utumbo wala viungo. Jeni wanayo, ugonjwa hawana. Walipotolewa wakaishi na bakteria wa kawaida kama panya wengine, ugonjwa ukaja. Tena hawa si bakteria wa sumu. Ni bakteria wa kila siku, wale wanaokaa tumboni na kutusaidia kuvunja chakula.

Wewe uliyekaa hapo unabeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wako mwenyewe, na wengi wako kwenye utumbo mpana. Zamani tuliambiwa wanatushinda mara kumi. Hesabu hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, lakini hata hii mpya si ndogo.

Na kwa binadamu? Kule Ghent, Ubelgiji, katika miaka ya 1980, madaktari Mielants na Veys walitia kamera kwenye matumbo ya wagonjwa wa aina hii ya viungo, wakiwemo wasiolalamika tumbo hata kidogo. Walipotazama vipande vya utumbo kwa hadubini, karibu nusu ya wagonjwa au zaidi walikuwa na uvimbe ndani ambao wenyewe hawakuujua. Pia wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo kuvimba na kupata vidonda, hupata spondilaitisi kwa wingi kuliko watu wengine. Kwa hivyo mgongo na tumbo ni majirani wa karibu kuliko tulivyodhani.

Sasa B27 hufanya nini hasa? Nitawapa mfano wa mitaani kwetu. Mwajua mwezi huu twapelekeana futari kwa sinia, limefunikwa kawa. Chukulia kila seli ya mwili wako ni nyumba, na kila nyumba huweka sinia mlangoni. Juu ya sinia huwekwa vipande vidogo vya protini kutoka jikoni, yaani ndani ya seli. Askari wa kinga, waitwao seli T, hupita mtaani wakiinua kawa nyumba hadi nyumba. Wakikuta chakula cha nyumbani, hupita. Wakikuta kipande kigeni, cha virusi kwa mfano, hujua humo ndani kuna mvamizi na huishambulia nyumba hiyo. HLA ndiyo hayo masinia. Yako ya aina elfu nyingi duniani, na kila mmoja wetu amerithi machache kwa baba na machache kwa mama. B27 ni aina moja ya sinia.

Dhana kongwe yasema hivi: sinia la B27 hushika vipande fulani vya bakteria vinavyofanana mno na vipande vya mwili wenyewe. Askari akishafundishwa kumchukia bakteria, akija kwenye kiungo akakuta kipande kinachofanana naye, hudhani ni yule yule. Dhana hii ilikaa miaka mingi bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2007 iliongezewa nguvu ilipogunduliwa kwamba jeni nyengine, ERAP1, nayo inahusika. Kazi ya ERAP1 ni kisu: hukata vipande vipate kuenea kwenye sinia. Halafu mwisho wa mwaka 2022, watafiti wa Oxford, Stanford na Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichukua seli T kutoka kwenye viungo na macho ya wagonjwa wenye B27, wakaona baadhi zafanana kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Na askari hao hao waliitikia vipande vya bakteria na vipande vya mwili pia. Mwaka 2023 madaktari wa Urusi wakaeleza juu ya mgonjwa mmoja waliyempa dawa ya kuondoa ukoo huo tu wa seli T, akapata nafuu kubwa. Mtu mmoja si ushahidi wa kumtibu kila mtu. Lakini ni habari ya kufuatilia.

Iko dhana ya pili, kwamba sinia lenyewe hupinda wakati wa kutengenezwa, na seli ikisongwa na masinia yaliyopinda hupiga mbiu ya hatari, nayo mbiu huwasha moto. Hii sitaikalia sana. Ya tatu ndiyo inayotuhusu leo: kwamba B27 hubadilisha wakaazi wa tumbo wenyewe, yaani huamua ni bakteria gani wapewe nafasi na gani wafukuzwe. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha bakteria wa mwisho wa utumbo mwembamba wa wagonjwa si sawa na wa watu wazima wa afya. Mwaka 2017 Wafaransa wakakuta bakteria mmoja wa jamii ya ruminokokasi, anayetafuna ute unaolinda ukuta wa utumbo, ameongezeka mara mbili au tatu kwa wagonjwa. Hapo mtu makini atauliza: je, bakteria wamebadilika kwa sababu ya ugonjwa na dawa, ama walitangulia? Swali zuri sana. Mwaka 2019, uchunguzi wa pacha wa Uingereza ulionyesha hata mtu mwenye B27 asiyeumwa chochote ana bakteria tofauti kidogo na asiyekuwa nayo. Hilo halimalizi ubishi, lakini laelekeza kwamba urithi una mkono wake tumboni kabla mgongo haujauma.

Ndugu zangu, hapa ndipo wafanyabiashara huingia. Ukishasema "bakteria wa tumbo", kesho utakuta chupa inauzwa kituo cha matatu, imeandikwa husafisha tumbo, huponya mgongo, nguvu za kiume na madeni. Tusikubali. Kule New Zealand walifanya jaribio la haki, lililochapishwa mwaka 2010: wagonjwa wengine walipewa vidonge vya bakteria wazuri, wengine vidonge vitupu, bila kujua nani amepewa nini. Vidonge vya bakteria havikushinda. Denmark, mwaka 2021, walijaribu hata kuhamisha (mniwie radhi karibu na futari) kinyesi cha mtu mzima wa afya kwenye utumbo wa wagonjwa wa ndugu mwengine wa ugonjwa huu, ule unaoandamana na soriasisi ya ngozi. Waliofanyiwa cha bandia walifanya vizuri zaidi. Kujua kwamba moto umetokea jikoni si sawa na kujua namna ya kuuzima.

Vile vile kuna habari ya wanga. Profesa Ebringer wa London alishikilia kwa miaka mingi kwamba mkosa ni bakteria mmoja, klebsiela, na kwa kuwa klebsiela hustawi kwa wanga, mgonjwa apunguze mkate, viazi na wali. Wako wagonjwa wanaosema wamepata nafuu, siwakanushi. Lakini watafiti wengine walipomtafuta huyo klebsiela, wengi hawakumkuta kwa namna alivyosema, na hakuna jaribio kubwa lililothibitisha chakula hicho. Ukiacha viazi karai na mahamri ya sukari utapata faida nyengine, hilo halina mjadala. Ila usimwache mtoto wako akonde kwa kumnyima ugali na wali kwa dhana, huku dawa zinazojulikana hajapewa.

Nakuja kwetu sasa, manake takwimu nilizotaja ni za Wazungu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana B27 kwa uchache sana, chini ya mtu 1 kati ya 100. Kwa Waarabu ni zaidi ya hapo, mara nyingi kati ya 2 na 5 kwa 100, na sisi watu wa pwani twajua damu zetu zilivyochanganyika na Yemen, Oman na Bara Hindi. Basi ugonjwa huu ni nadra kwetu, lakini upo. Na hatari yake ni hii: daktari aliyesoma kwamba wagonjwa karibu wote wana B27 aweza kupima, akakuta hakuna, akakuambia uko salama nenda nyumbani. Kwa wagonjwa wa Kiafrika na Kiarabu, wasiokuwa na B27 ni wengi kuliko Ulaya. Kipimo kikikosa alama hakijakufutia ugonjwa. Kinyume chake pia kipo. Kwa Wafulani wa Gambia, watu kama 6 kati ya 100 wana B27, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 haukukuta ugonjwa kati yao. Labda ni jeni nyengine zinawalinda, labda ni maisha na vijidudu vyao. Zimeshajulikana sehemu zaidi ya 100 za urithi zinazohusika, B27 ni kubwa yao tu.

Ukienda hospitali, usiseme "mgongo unauma" ukanyamaza. Daktari ana foleni. Mwambie umeanza lini, ukiamka huchukua dakika ngapi kulainika, kama waamshwa usiku, kama ukitembea wapata nafuu, kama umewahi kupata jicho jekundu, kuhara kwa muda mrefu au magamba ya ngozi, na kama kuna mtu nyumbani mwenye shida hiyo. Eksrei inaweza kuwa safi kwa miaka. MRI ndiyo huona mapema, ingawa bei yake mwaijua. Hata kipimo cha damu cha uvimbe kwa wagonjwa wengi hutoka sawa. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache mno na wengi wako Nairobi, kwa hivyo omba barua ya kupelekwa mapema.

Dawa zipo. Ya kwanza ni mazoezi, kila siku, ya kunyoosha mgongo na kupanua kifua, na kuacha sigara kabisa. Pamoja nayo ni vidonge vya aina ya Brufen, naproxen na wenzao, ambavyo kwa wengi hufanya kazi vizuri. Visipotosha kuna sindano za kuzuia TNF, zilizoanza kutumika kwa ugonjwa huu karibu mwaka 2003, halafu za kuzuia IL-17. Ni ghali, sitawaficha. Na kwetu kuna jambo la kuangaliwa zaidi: sindano za TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, kwa hivyo lazima upimwe TB kwanza. Mpaka leo utumbo na mgongo huwapiga chenga madaktari. Dawa za kuzuia IL-23 hutibu ugonjwa wa Crohn vizuri, wakategemea zitatibu na mgongo, majaribio yakashindwa. Za IL-17 hutibu mgongo, lakini Crohn huweza kuizidisha.

Maswali yaliyoletwa kwa karatasi nitayajibu kwa haraka, adhana yakaribia.

Mmoja auliza: je, tupimane B27 kabla ya ndoa, kama tunavyopimana mengine? Kwa maoni yangu, hapana. Mzazi mwenye B27 humrithisha mtoto kwa nusu ya bahati. Mtoto aliyerithi, ikiwa kwao kuna mgonjwa, uwezekano wake wa kuugua ni kama 1 kati ya 5. Ukizidisha, ni mtoto 1 kati ya 10. Tisa hawana kitu. Na alama hiyo hiyo ina fadhila yake: watu wenye B27 wakiambukizwa virusi vya Ukimwi, kwa kawaida huchelewa kudhoofika, na homa ya ini aina ya C huwatoka kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Sinia lile lile linaloleta fitina mgongoni hukamata virusi vizuri. Sasa utamvunjia mtu posa kwa hilo?

Dada mmoja auliza juu ya kufunga na dawa. Vidonge vya maumivu havifai tumbo tupu, na mwili uliokosa maji huumiza figo navyo. Muombe daktari akupe vya kumeza mara moja au mbili kwa siku, uvimeze pamoja na chakula cha futari na daku, na unywe maji ya kutosha usiku. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asijiamulie peke yake. Sindano nazo huwa za wiki au wiki mbili, hivyo waweza kudungwa usiku ukatoka kwenye khilafu kabisa.

La mwisho ni la mtu ambaye uti wake umeshashikana, aona haya kuswali kitini mbele ya watu na yeye bado kijana. Wapo wanaosema rukuu na sujudu ni tiba ya mgongo. Mimi sisemi hivyo kwa jina la sayansi, manake ugonjwa huu haukuja kwa kukosa kuinama. Anayeweza kusimama asimame, asiyeweza kusujudu akae na ainame kadiri awezavyo, ruhusa hiyo walimu wetu wameshatufundisha tangu chuoni. Na kwa kuwa hawezi kugeuza shingo kuona nani yuko pembeni, mkimwona tarawehe leo msimshtue kwa kumgusa kwa nyuma. Zungukeni mbele, mpeane salamu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.